CHUMVI KATIKA KUTA ZA MAWE: JE, DAWA YA KUZUIA MAJI NI TIBA?



Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, na rehema na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), aali zake na maswahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu wanafunzi, masomo ya fiqhi, tarehe na lugha tunayasoma kila siku darasani. Katika makala hii tumependa tuingie katika somo la sayansi, lakini sayansi iliyo karibu nasi kabisa, kwani inahusu ukuta tunaouegemea msikitini na chuoni. Nani kati yetu hajaona, katika majengo ya zamani ya mwambao wetu, ukuta uliotoa unga mweupe karibu na sakafu, lipu yake imevimba, rangi inabanduka na mchanga unadondoka juu ya mkeka? Hayo ni maradhi ya chumvi.

Mara nyingi maradhi haya yakionekana, ushauri wa kwanza unaotolewa ni kununua dawa ya kuzuia maji na kuupaka ukuta. Michango hukusanywa au fedha za wakfu hutolewa, kazi inafanyika na ukuta unapendeza. Kisha masika moja au mawili yakipita, ukuta unabanduka vibaya kuliko mwanzo, na safari hii huondoka na kipande cha jiwe. Fedha za wakfu ni amana, na jengo lenyewe ni amana. Kwa hiyo inatupasa tujue dawa hii inafanya nini, inafaa wapi, na wapi inadhuru.

1. Kuta zetu zimejengwa kwa kitu gani?

Miji ya kale ya mwambao, kama vile Mji Mkongwe wa Zanzibar, Lamu na Kilwa, ilijengwa kwa mawe ya matumbawe, chokaa, mchanga na udongo mwekundu, na dari zake zikabebwa na boriti za mikoko. Ukuta wa nyumba katika Mji Mkongwe kwa kawaida una unene wa sentimita 50 hadi 60. Mawe mengi yalichimbwa ardhini, katika matumbawe ya kale yaliyogeuka mwamba. Matumbawe laini zaidi yalikatwa baharini, yakatumika katika nakshi za mihrabu na milango.

Jiwe la matumbawe limejaa vitundu. Vingine tunaviona kwa macho, na vingine ni vidogo mno kuliko unywele. Chokaa nayo ina vitundu. Kwa sababu hiyo ukuta wa zamani hunywa maji na huyatoa tena kwa njia ya mvuke. Mafundi wetu wa zamani walilijua hilo, na ndiyo maana waliupaka ukuta chokaa mara kwa mara, wala hawakuufunga.

Na tusidhani kuwa jiwe hili ni dhaifu. Katika msikiti wa Kizimkazi Dimbani, kusini mwa Unguja, yapo maandishi ya Kikufi yaliyochongwa katika matumbawe kwenye upande wa kibla, nayo yana tarehe ya mwaka 500 Hijria, yaani 1107 Miladia. Jiwe limekaa karibu na bahari kwa zaidi ya miaka 900 na maandishi bado yanasomeka.

2. Chumvi inatoka wapi?

Chumvi huingia ukutani kwa njia nyingi, na mara nyingi njia zaidi ya moja hukutana katika ukuta mmoja:

(a) Upepo wa bahari. Lita 1 ya maji ya bahari ina karibu gramu 35 za chumvi. Mawimbi yanapovunjika, matone madogo hupeperushwa na upepo na kutua juu ya kuta.

(b) Maji ya ardhini. Maji hupanda kutoka kwenye msingi kupitia vile vitundu vidogo, kama mafuta ya taa yanavyopanda katika utambi. Katika ukuta wa mawe aghalabu hupanda kufikia mita 1 au 1 na nusu, na hubeba chumvi iliyomo ardhini.

(c) Maji machafu. Mashimo ya vyoo na mifereji iliyopasuka hutia ardhini chumvi za nitrati. Mojawapo ndiyo ile wazee waliyoiita shura.

(d) Mchanga wa pwani. Fundi akichanganya chokaa au saruji na mchanga wa baharini ambao haukuoshwa, basi ameijenga chumvi ndani ya ukuta kwa mikono yake.

(e) Saruji. Saruji ya kawaida ina chumvi zake zinazoyeyuka, hasa za salfati, ambazo huhamia katika jiwe la jirani ukuta unapolowa.

Katika misikiti tuongeze jambo jingine: birika la kutawadhia. Likiwa linavuja, au maji ya udhu yakiwa hayana njia nzuri ya kutokea, ukuta ulio karibu nalo hunywa maji mara tano kwa siku, mwaka mzima.

3. Vipi chumvi laini inavunja jiwe gumu?

Chumvi kavu iliyotulia haina madhara makubwa. Madhara huja inapoyeyuka na kukauka, ikayeyuka tena na kukauka tena. Maji ya chumvi yanapokauka ndani ya kitundu, chumvi hugeuka fuwele, yaani chembe ngumu zenye pande zilizonyooka. Fuwele hizo hukua na kusukuma kuta za kitundu. Msukumo wa siku moja ni mdogo, lakini ukirudiwa mamia ya mara jiwe huchoka, likageuka unga.

Chumvi ya kawaida tunayopikia ina tabia moja tunayoijua sote. Masika yakiingia, chumvi iliyoachwa wazi jikoni hulowa na kushikana. Sababu ni kwamba unyevu wa hewa ukipita asilimia 75, chumvi hii huvuta maji kutoka hewani mpaka ikayeyuka. Unyevu ukishuka chini ya hapo, hukauka na kuwa fuwele tena. Hewa ya pwani mara nyingi huvuka kiwango hicho usiku, na hushuka chini yake mchana wa jua kali. Kwa hiyo ukuta wenye chumvi unaweza kuumia hata pasipo tone la mvua, kwa sababu usiku chumvi inalowa na mchana inakauka.

Chumvi ya salfati ya sodiamu ni kali zaidi. Ikiwa kavu haina maji ndani yake. Ikilowa katika joto lililo chini ya nyuzi 32 hivi za Sentigredi, kila molekuli yake hushikana na molekuli 10 za maji, na ujazo wake hufikia takriban mara 4 ya ule wa awali. Kwa ukali wake huo, wataalamu huitumia chumvi hii katika maabara kupima uimara wa mawe.

Jambo hili si geni duniani. Herodotus, mwandishi wa tarehe wa Kiyunani aliyeishi katika karne ya 5 kabla ya Miladia, alifika Misri na akaandika kuwa chumvi inatoka ardhini kiasi cha kudhuru hata mapiramidi.

4. Dawa za kuzuia maji zinafanyaje kazi?

Chukueni jani la jimbi mulimwagie maji. Maji hayalowi katika jani, bali hujikusanya kama lulu na kuteleza. Dawa za kisasa za kuzuia maji zinakusudia kulifanya jiwe liwe kama jani hilo. Nyingi ni za jamii ya silikoni, na mafundi wa viwandani huziita sileni na siloksani. Ni maji mepesi yanayopakwa kwa brashi au kunyunyizwa. Huingia ndani ya jiwe milimita chache, au sentimita chache likiwa jiwe linanyonya sana, kisha huvika kuta za vitundu ngozi nyembamba inayokataa maji.

Zingatieni nukta hii, kwani ndiyo kiini cha somo letu. Dawa nzuri ya aina hii haizibi kitundu. Inazuia maji yaliyo maji, lakini inaruhusu mvuke upite. Rangi ya mafuta, kwa upande mwingine, huziba vyote viwili. Ndiyo maana watengenezaji husema kuwa dawa yao inauacha ukuta upumue. Maneno hayo ni kweli, lakini hayajakamilika.

5. Kwa nini dawa hugeuka kuwa maradhi?

Tuchukue ukuta wenye chumvi ambao haukupakwa kitu. Maji ya chumvi husafiri ndani ya vitundu mpaka kwenye uso wa ukuta, hapo yakakauka. Chumvi hubaki nje kama unga mweupe. Sura yake haipendezi, lakini kwa sehemu kubwa iko nje, na ufagio unaweza kuiondoa.

Sasa tuupake ukuta ule ule dawa iliyoingia ndani sentimita 1. Maji ya chumvi yanakuja kutoka ndani kama kawaida. Yakifika kwenye mpaka wa dawa yanasimama, kwani yakiwa maji hayawezi kupita. Hapo yanageuka mvuke, na mvuke unapita kwenda nje. Je, chumvi inaweza kupita pamoja na mvuke? La. Chumvi haigeuki mvuke. Inabaki pale pale, sentimita 1 ndani ya jiwe, nyuma ya dawa, mahali ambapo ufagio haufiki.

Siku baada ya siku fuwele zinajikusanya katika mstari huo mmoja na kusukuma. Hatimaye tabaka lote lililopakwa dawa linameguka kama gamba na kuanguka. Ukuta usiopakwa ungepoteza unga kidogo kidogo, lakini huu uliopakwa unapoteza sentimita nzima kwa mara moja. Likiwa jiwe hilo lina nakshi au maandishi, basi nakshi na maandishi ndivyo vinavyoondoka, maana viko juu kabisa.

Ipo na sababu ya pili. Hakuna ukuta wa zamani usio na ufa. Maji ya mvua yanaingia kupitia ufa hadi nyuma ya dawa, lakini kutoka kwake ni kwa njia ya mvuke peke yake, na njia hiyo ni ya polepole. Ukuta unakaa mbichi kwa muda mrefu zaidi.

Na ya tatu ni kwamba dawa hizi haziondoki. Chokaa tukiikosea tunaikwangua na kuanza upya. Silikoni iliyokwisha kuingia katika jiwe hatuna namna ya kuitoa bila kuliharibu jiwe lenyewe.

6. Mafunzo kutoka Misri, Yemen na katika vyombo vyetu

Kuharibu kwa nia ya kutengeneza kumewapata hata wataalamu wakubwa. Sanamu kubwa la Giza, ambalo Waarabu huliita Abul-Haul, limechongwa katika mwamba wa chokaa. Katika miaka ya 1980 lilitengenezwa kwa saruji. Mwezi wa Februari 1988 pande kubwa la jiwe lilianguka kutoka bega lake. Matengenezo yaliyofuata, yaliyomalizika mwaka 1998, yaliiondoa saruji ile na kurudia chokaa na mchanga.

Lakini tusifahamu kuwa kila kinachozuia maji ni kibaya. Katika mji wa Rada' nchini Yemen ipo madrasa ya Amiriya, iliyojengwa mwaka 1504 na Sultan Amir bin Abdulwahhab. Mapaa yake na sehemu zake za nje zinakingwa kwa lipu iitwayo qadad. Ni chokaa iliyochanganywa na kokoto za volkano, hupigwa na kusuguliwa kwa siku nyingi mpaka ikang'aa, kisha hupakwa mafuta ya mnyama. Saruji ilipoingia Yemen ufundi huo ulikaribia kupotea. Madrasa ilipotengenezwa upya kuanzia mwaka 1982 hadi 2005, chini ya mwanaakiolojia Selma al-Radi, mafundi waliufufua, na mwaka 2007 kazi hiyo ikapata Tuzo ya Aga Khan ya Usanifu wa Majengo.

Na sisi tunao mfano wetu. Mafundi wa majahazi hulipaka tumbo la chombo deheni, yaani chokaa iliyochanganywa na shahamu, ili maji yasiingie katika mbao.

Basi kwa nini mafuta na chokaa yanafaa katika paa la Amiriya na katika jahazi, na dawa ya mfano wake inadhuru ukuta wenye chumvi? Jawabu ni upande yanakotoka maji. Paa hunyeshewa kutoka juu, na jahazi hulowa kutoka nje. Kinga imewekwa upande ule ule anaotokea adui. Ukuta unaonyonya maji ya ardhini adui wake yuko ndani tayari. Kuupaka dawa nje ni kama kufunga mlango mwizi akiwa chumbani.

7. Tufanye nini?

Kabla ya kutoa hata shilingi moja ya dawa, inafaa kufuata hatua hizi kwa utaratibu wake:

Kwanza, tafuteni maji yanatoka wapi. Tazameni mfereji wa paa, bomba, birika, shimo la choo, na udongo uliorundikana nje ya ukuta juu ya usawa wa sakafu. Unyevu ulio chini ukutani kwa mstari mrefu mara nyingi unatoka ardhini. Ulio juu au wa doa moja mara nyingi unatoka kwenye paa au bomba.

Pili, zuieni maji hayo. Kuziba birika linalovuja, kuondoa udongo na kuyaelekeza maji ya mvua mbali na msingi ni kazi za gharama ndogo, na mara nyingi ndizo zinazoponya zaidi.

Tatu, ondoeni lipu ya saruji na rangi ya mafuta katika sehemu iliyoathirika, kwa uangalifu, ili ukuta upate kukauka. Ukuta wa sentimita 50 haukauki kwa wiki moja. Huenda ukahitaji misimu kadhaa ya kiangazi.

Nne, toeni chumvi. Ile ya juu isuguliwe kwa brashi kavu na ikusanywe itupwe mbali, kwani ikiachwa chini ya ukuta hurudi. Ukioshwa kwa maji mengi, chumvi huyeyuka na kuingia ndani zaidi. Ile iliyo ndani huvutwa kwa kubandika ukutani udongo safi wa mfinyanzi au karatasi iliyopondwa, iliyoloweshwa kwa maji yasiyo na chumvi, kama tunavyobandika dawa juu ya jipu. Ikikauka huwa imevuta chumvi, nayo hubanduliwa na kutupwa. Kazi hurudiwa mara kadhaa.

Tano, pigeni lipu ya chokaa na mchanga uliooshwa, kisha pakeni chokaa. Lipu hii itaendelea kuvuta chumvi iliyobaki, na baada ya miaka itaharibika. Msione hiyo ni hasara. Lipu inaharibika badala ya jiwe, na lipu tunaweza kuipiga tena.

8. Basi dawa inafaa wakati gani?

Dawa ya kuzuia maji inaweza kufaa ikiwa masharti haya yametimia yote: maji yanayoudhuru ukuta ni ya mvua inayopigwa na upepo tu, hakuna maji yanayopanda kutoka chini, jiwe ni zima na halina chumvi, nyufa zimezibwa, na dawa imejaribiwa kwanza mahali padogo pasipo na nakshi, ikaangaliwa kwa mwaka mzima. Nguvu ya dawa hupungua kwa miaka, wala haipungui sawasawa kila mahali, kwa hiyo anayeipaka ajue kuwa atahitaji kuiangalia daima. Likikosekana sharti moja, ni bora kuiacha.

9. Jaribio la darasani

Tafuteni matofali mawili mekundu ya udongo wa kuchoma, ambayo nayo yana vitundu kama ukuta wetu. Moja liacheni kama lilivyo. La pili lipakeni rangi ya mafuta pande zote nne, kuanzia chini hadi nusu ya urefu wake, lakini uso wa chini muuache wazi. Rangi ikikauka, yasimamisheni matofali yote mawili katika sahani yenye maji ya chumvi ya kina cha sentimita 2. Yawekeni mahali penye upepo na muongeze maji yanapopungua.

Baada ya siku kadhaa tazameni mstari wa unyevu na chumvi katika kila tofali. Katika lile lililopakwa, maji hayakupata pa kutokea katika nusu ya chini, kwa hiyo yamepanda na kutokea juu ya rangi. Hivi ndivyo inavyotokea tunapoupaka ukuta rangi ya mafuta mita moja kutoka chini ili kuficha unyevu. Unyevu hauondoki, bali unahamia juu.

10. Hitimisho

Ndugu wanafunzi, tumeona kuwa chumvi haiendi popote bila maji, na maji hayaendi popote bila njia. Anayetaka kuuponya ukuta aanze na maji, kisha chumvi, na dawa iwe ya mwisho kama inahitajika. Anayeanza na dawa ameyafungia maradhi ndani.

Sote tunakijua kisa cha Nabii Musa (A.S.) na Khidhr, namna ulivyosimamishwa ukuta uliokaribia kuanguka kwa ajili ya haki ya mayatima wawili. Kuta za misikiti na nyumba za wakfu tulizoachiwa nazo zina haki za watu ndani yake, waliotangulia na watakaokuja. Kesho baadhi yenu mtakuwa katika kamati za misikiti, na fundi atakuja na kopo la dawa mkononi. Muulizeni swali moja kabla ya kumlipa: "Maji haya yanatoka wapi?" Asipoweza kujibu, mwambieni asubiri kwanza.

Wabillahi tawfiq.

Maswali ya kujipima

1. Taja njia nne ambazo chumvi huingia katika ukuta wa mawe.
2. Kwa nini chumvi ya kawaida inaweza kuuharibu ukuta hata kama mvua hainyeshi?
3. Eleza tofauti kati ya rangi ya mafuta na dawa ya silikoni kuhusu maji na mvuke.
4. Chumvi hubaki wapi katika ukuta uliopakwa dawa, na kwa nini haitoki pamoja na mvuke?
5. Deheni inafaa katika jahazi. Kwa nini kinga ya mfano wake haifai katika ukuta unaonyonya maji ya ardhini?
6. Tembelea jengo moja la zamani mtaani kwenu. Chora ukuta wake, onyesha unyevu umefika wapi, na uandike unadhani maji yanatoka wapi.